Kiamshi cha Mama Tusa

"Binti, umeletwa na nani?" Mama aliuliza. "Na Tusa yuko wapi?"

Sekela alikuwa amepiga magoti mbele yake, bakuli la uji mkononi. Aligeuza shingo akatazama skrini ndogo iliyofungwa juu ya sanduku la bati, kando ya kitanda. Neno moja la kijani lilikuwa linawaka: ASILI.

"Tena," alinong'ona.

"Tena nini? Mimi nimeuliza kistaarabu." Sauti ya Mama ilikuwa nzima, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio upande wa pili wa bonde. Mkono wake wa kulia ulipokea bakuli bila kutetemeka. Alionja, akakunja uso. "Uji umeungua huu."

Wiki nzima ilikuwa hivyo.

Kiharusi cha kwanza kilimpunguzia Mama nguvu. Cha pili kilimkatia njia. Kumbukumbu zake zilikuwepo kichwani, maneno yake yalikuwepo, ila hakuweza kuyafikia, kama mtu anayeliona shamba lake ng'ambo ya mto na daraja limesombwa. Ndiyo maana alivaa utepe kichwani. Utepe ulizungumza na mashine, na mashine ilimwekea madaraja mapya. Miaka hiyo wagonjwa wengi waliishi hivyo. Mashine za hospitali zilikuwa nyeupe, nyembamba, zenye mfumo mmoja tu. Ya Mama iliundwa na Sekela, mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja ya hapo Tukuyu, kwa bodi za mashine zilizotupwa na feni ya gari, na ilikuwa na mifumo mitatu.

Asili ulikuwa wa zamani. Tusajigwe, dada yake Sekela, ndiye aliyempeleka Mama hospitali baada ya kiharusi cha kwanza, ubongo ukapimwa, na ramani yake ikawekwa kwenye diski iliyoandikishwa kwa jina la Tusa. Mwaka huo Tusa alikuwa bado nyumbani, Baba alikuwa hai, na Sekela alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Mama akiamka na Asili, kwake ulikuwa mwaka ule ule.

Sasa ulikuwa wa Sekela. Aliujenga kipande kwa kipande, miaka ya kukaa na Mama akimwonyesha picha, akimtajia majina, akinasa kila njia mpya iliyofunguka. Ndani ya Sasa Mama alijua kila kitu: kwamba Baba amefariki, kwamba Tusa ni muuguzi Windhoek, kwamba mwanamke anayemwogesha ni kitindamimba wake mwenyewe. Ila maneno yalitoka taratibu, na mkono ulitetemeka.

Wa tatu, Dharura, haukuwa na kumbukumbu yoyote. Ulijua kupumua, kumeza na kupepesa macho, basi.

Kila asubuhi mashine ilizimwa kidogo ipoe. Ilipowashwa, kitu cha kwanza kuamka kilikuwa kiamshi, programu ndogo ambayo Sekela aliiandika mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha mifumo mitatu kwenye skrini, kungoja kitambo, kisha kuamsha mmoja. Alikuwa ameiagiza iamshe Sasa. Ikawa inaamsha Asili.

Sekela alichukua bakuli, akabonyeza swichi, mashine ikazimika. Sauti ya Mama ikafifia taratibu, sentensi ikabaki nusu, akafumba macho. Sekela akachagua Sasa kwa kibodi, akangoja. Mama alipoyafumbua tena alikuwa mzee.

"Sekela," alisema polepole. Mkono ulianza kutetemeka juu ya shuka. "Ndaga, mwanangu."

Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa. Mama wa Sasa aliisema kwa kila kijiko, kwa taulo, kwa mto uliosogezwa. Sekela aliipenda sana. Ilikuwa ushahidi kwamba anajulikana.

*

Alianza na betri ya saa, ile ndogo ya duara inayoifanya bodi ikumbuke mipangilio yake umeme ukikatika. Akaweka mpya. Asubuhi, Asili. Akabadilisha nafasi za diski, ya Sasa ikae mwanzo. Asili. Akaandika kiamshi upya tangu mstari wa kwanza. Akaijaribu mashine peke yake, bila utepe kichwani kwa mtu, na kila mara iliamka Sasa bila kosa. Asubuhi akamvika Mama utepe. Asili.

Mashine haikuwa na ugonjwa. Basi kulikuwa na mtu anaingia kwa mtandao, na mtu mwenye ruhusa hiyo alikuwa mmoja tu.

Mtu huyo alifika Alhamisi jioni, amevaa koti la rangi ya maziwa, na sanduku lenye magurudumu yaliyogoma kwenye matope ya uani.

"Mdogo wangu!" Tusa alimkumbatia. "Mbona umekonda hivi?"

"Karibu, Dada. Pole na safari."

Mama alikuwa kwenye Sasa. Alimtazama Tusa muda mrefu, midomo ikitafuta neno. "Tusa. Umekuja. Ndaga." Ikawa ndiyo yote. Tusa alikaa naye kidogo, kisha akaenda jikoni akalia akiwa ameinamia karo, na Sekela, aliyekuwa akikausha sahani, alijisikia furaha ndogo mbaya ambayo hakuifukuza.

Furaha hiyo haikuvuka usiku. Asubuhi Mama alifumbua macho, akamwona Tusa mlangoni, akapiga makofi.

"We Tusa! Hizo nywele umesuka lini? Njoo hapa nikuone!"

Tusa alikimbia kama msichana. Wakashikana mikono, wakacheka. Mama akamsimulia habari za majirani ambao nusu yao walishazikwa, akiigiza sauti ya kila mmoja. Sekela alisimama pembeni kidole kikiwa kwenye swichi.

"Usimzime," Tusa alimwomba. "Niachie leo tu. Tafadhali, Sekela."

Mama aligeuka. "Sekela? Ijumaa si ndiyo wanaruhusiwa nyumbani? Mmemwekea maziwa yake?"

"Tumemwekea, Mama," Tusa alijibu, bila kumtazama mdogo wake.

Sekela aliondoa kidole. Alikwenda kufua, lakini dirisha lilikuwa wazi na kila kicheko kilimfikia. Huyu Mama mwenye mizaha, mwenye mkono imara, yeye alikuwa hampati kamwe. Tusa alitokea mara moja kwa mwaka na kupewa mzima mzima. Sekela alikamua shuka mpaka vidole vikauma.

Kisha akasikia sauti ya Mama ikiteremka, kama mtu anayetoa siri. "Huyo binti uliyemleta anajituma. Sina neno naye. Ila ana uso wa kudai. Ukimpa shukrani, anakutazama kama vile bado haijatosha."

Tusa alisema kitu cha chinichini.

"Aa, simsemi vibaya," Mama akasema. "Ananichosha tu."

Jioni Mama alianza kuangalia njia. "Baba yenu kachelewa na huo mchele. Kyela si mbali hivyo." Tusa alifungua mdomo, akashindwa, akatoka. Sekela ndiye aliyejibu: "Barabara ina matope, Mama. Mchele ni mzito. Atafika."

Tusa alimngoja jikoni. "Unamdanganya kirahisi namna hiyo?"

"Siku ya kwanza nilimwambia ukweli. Alipiga mayowe ya msiba, majirani wakajaa. Nikamrudisha Sasa, bado ana machozi mashavuni na hajui ni ya nini." Sekela aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Lakini wewe hayo huyajui, kwa sababu wewe unamwamsha Asili ukiwa Windhoek, halafu mimi nabaki nayo."

"Nani anamwamsha?"

"Wewe, Dada. Unaingia kwa mtandao. Kiamshi hakijibadilishi chenyewe."

Tusa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sijaigusa mashine hiyo tangu nilipokupa diski. Nilipoteza hata njia ya kuingia nilipobadilisha simu. Chomoa waya, utaona."

*

Sekela alichomoa waya wa mtandao. Asubuhi iliyofuata alimweka Mama kwenye kiti mbele ya mashine, akiwa kwenye Sasa uliorudishwa usiku, akabonyeza swichi. Mara hii hakutazama skrini. Alimtazama Mama.

Mashine ikizimwa, mfumo uliokuwepo haukatiki mara moja. Madaraja hubaki kitambo yakififia, na mtu hubaki yeye mwenyewe kwa pumzi kadhaa. Orodha ilitokea: Sasa, Asili, Dharura. Mama aliisoma. Kisha mkono wake wa kulia, ukitetemeka, ukapanda hadi nyuma ya sikio, kwenye kitufe ambacho Sekela alikiweka ili Mama aweze kupunguza mvumo wa utepe. Kidole kikakosa, kikatafuta, kikagusa mara moja. Kwenye skrini alama ikashuka kutoka Sasa hadi Asili.

Kiamshi kilikisoma kitufe kile kama mshale wa kibodi. Sekela ndiye aliyeunganisha waya.

"Habari za asubuhi, binti," Mama alisema kwa sauti nzima. "Tusa kaamka?"

Sekela alitoka nje, akasimama kwenye mvua nyepesi. Siku zote hizi alidhani anaibiwa. Kumbe alikuwa anakataliwa. Mama, akiwa na akili zake zote, akimjua yeye ni nani na amemfanyia nini, alikuwa anausogeza ule mkono mgonjwa kila asubuhi ili aende mahali ambapo hamjui. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Sekela alilijua kuliko mtu yeyote: ubongo hufuata njia inayotumika. Mfumo usioamshwa, kidogo kidogo kichwa huukataa, na siku moja hauwaki tena. Akimwachia Mama aendelee kuchagua, Sasa ungekufa, na yeye Sekela angekufa humo.

Alirudi ndani wakati Tusa akioga. Alizima mashine. Alifuta Asili kwenye orodha ya kiamshi. Akaona haitoshi. Akafungua sanduku la bati, akashika diski ya dada yake, akaichomoa.

Akawasha.

Skrini iliandika SASA, ikakwama. Ikaandika kosa. Ikajaribu tena, ikakwama pale pale. Kisha ikaangukia DHARURA.

Mama alifumbua macho. Yalipepesa. Hayakumtafuta mtu.

"Mama?"

Mate yalichuruzika pembeni mwa mdomo. Sekela aliirudisha diski haraka, akawasha tena. Dharura. Akarudisha jina kwenye orodha. Dharura. Ndipo alipoelewa. Alipoanza kuujenga Sasa, hakuanza na kiwanja kitupu. Madaraja ya msingi kabisa, ya kuunganisha sauti na maana, aliyaacha yabaki kwenye diski ya Tusa, na Sasa ukawa unayafuata huko kila unapoamka. Miaka yote aliwaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba Sasa ni wake peke yake. Na diski za hospitali zina muhuri: ukiichomoa ovyo inajifunga, haifunguki mpaka kwa nenosiri la aliyeandikishwa.

Mama alikohoa. Alikohoa tena, sauti ikakwama kooni.

"Dada!" Sekela alipiga kelele. "Dada Tusa, njoo!"

*

Tusa alifika na kanga, maji yakimtiririka. Hakuuliza kitu kwanza. Alimlaza Mama ubavu, akamsafisha mdomo kwa kidole na kitambaa, akamgonga mgongoni hadi pumzi ikapita. Ndipo akatazama sanduku lililo wazi.

"Umefanya nini?"

"Nimechomoa Asili."

"Imeharibika?"

"Imechomoka ovyo, ikajifunga. Nahitaji nenosiri lako." Sekela aliivuta kibodi karibu. "Dharura haiwezi kumbeba mtu muda mrefu. Baada ya muda inasahau hata kumeza."

"Ulitaka kuifuta."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ananipenda mimi."

"Kwa sababu anakupenda bila wewe kufanya kitu!" Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemsafisha, mimi ndiye sijalala. Halafu anachagua wewe. Anachagua mwenyewe, Tusa, nimemwona kwa macho yangu, kwa kidole chake."

Tusa alimshika Mama kichwa kisianguke. "Unadhani mimi sina wivu?" alisema kwa sauti ya chini. "Siku nzima ya jana hajaniuliza kama nina mume. Nina mtoto, Sekela, ana miaka miwili, ana jina la Mama. Kwa Asili hayupo. Anayependwa mle ni msichana mmoja aliyekuwa anakaa hapa zamani. Mimi nimekaa jana pale kitandani nikimwigiza."

Mama alikohoa. Safari hii kikohozi kilikuwa kifupi, chenye maji, na midomo ilianza kubadilika rangi. Tusa akamwinamisha tena.

"Niahidi hutaifuta nikifungua," alisema.

"Fungua kwanza."

"Niahidi!"

"Siwezi kukuahidi, Dada. Nikikuahidi sasa nitakuwa nakudanganya."

Tusa alimtazama, akaitazama midomo ya Mama, akanyoosha shingo kuelekea kibodi. Akamtajia herufi moja moja, naye Sekela akaandika. Muhuri ukaachia. Diski ikaanza kuzunguka kwa mlio wake wa zamani.

Sekela alifunga sanduku, akawasha. Kiamshi kikaamka, orodha ikatokea. Alichagua Sasa kwa mkono wake mwenyewe. Wote wawili wakangoja mpaka macho ya Mama yalipotulia usoni kwa mmoja, kisha kwa mwingine.

"Mmegombana," Mama alisema.

*

Tusa alitaka kutoka awaache. Mama alimshika kanga.

"Mama," Sekela alianza, "kile kitufe cha nyuma ya sikio."

Mama alifumba macho, akayafumbua. "Umeona."

"Kwa nini unaenda kule? Kwa sababu ya Tusa?"

"Sikumbuki... nikiwa kule... nafanya nini." Alitafuta maneno, na safari hii Sekela hakumsaidia kuyapata. "Nakumbuka tu nilivyokuwa. Mwili unakumbuka. Nikirudi huku, kifua kinakuwa bado kimejaa kicheko, halafu kinaisha."

"Kule hunijui."

"Hapana."

"Na huku unanijua, Mama. Nimefanya kila kitu ili unijue."

"Ndiyo, mwanangu." Mkono ulitetemeka, ukapata wa Sekela, ukaulalia. "Huku kila nikimeza, nasema ndaga. Nikigeuzwa, ndaga. Nikifunikwa, ndaga. Na nisiposema, nakuona usoni. Nimechoka kushukuru."

Sekela aliinamisha kichwa. Alitamani hasira ije imsaidie, haikuja.

"Sijakulaumu," Mama akasema. "Umenibeba. Hakuna mtoto aliyebeba hivyo. Lakini nimekuwa mgonjwa wako tu. Kule ni mama."

"Ukienda mno, njia ya kurudi itafungwa. Nilikueleza."

"Ulinieleza."

"Na mimi je?"

Mama alimtazama kwa macho ya huruma, makavu. "Wewe utakuwepo. Mimi ndiye sitakuwepo. Hilo ni langu, Sekela. Usinifungie mlango ndani ya kichwa changu."

Tusa alikwenda chumbani akarudi na simu. Akamwonyesha Mama picha ya mtoto mnene aliyekalia beseni. Mama aliishika simu kwa mikono miwili na kuitazama mpaka skrini ikazimika yenyewe, akaomba iwashwe tena.

Mchana huo Sekela alifungua programu yake kwa mara ya mwisho. Alitoa ule muda wa kungoja. Kuanzia siku hiyo kiamshi hakingeamsha kitu chenyewe. Kingebeba madaraja yaliyopo na kusubiri, hata kama ni kwa muda mrefu, mpaka Mama abonyeze. Na kwa sababu kidole kilikuwa kinapata shida nyuma ya sikio, aliunda kitufe kikubwa, akakifunga kwenye mkono wa kiti, mahali ambapo kiganja kinafika bila kunyanyuka. Alipomaliza kukaza skrubu alikaa chini sakafuni akalia, na Tusa akakaa karibu naye akiwa ameshika bisibisi.

*

Tusa alirudi Windhoek. Alipiga simu kila Jumapili, na zipo Jumapili ambazo Mama alichagua Sasa ili amwone mjukuu. Siku nyingine alichagua pia, bila sababu ya kusema, akakaa kimya na Sekela barazani wakitazama mvua ikishuka kwenye mashamba ya chai. Lakini siku nyingi alikwenda kule.

Sekela aliacha kumzima akiwa kule; alimrudisha Sasa usiku tu, akishalala, ili asubuhi achague akizijua njia zote mbili. Lilikuwa jambo gumu kuliko kuunda mashine. Akiitwa binti, aliitika. Akiulizwa habari za Baba, alisema barabara ina matope. Wivu haukumwisha, ulikuja kila alipoulizwa kama Sekela amefunga shule, nao ulimchoma, kumwonea wivu mtoto yule wa bweni anayewekewa maziwa. Akaendelea na kazi.

Asubuhi moja ya baridi alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, ndizi mbichi zimejaa mapajani. Mama alitembea mwenyewe kutoka chumbani, kama alivyoweza siku za kule, utepe kichwani, akasimama nyuma yake akimwangalia. Alivumilia ndizi mbili. Ya tatu ikamshinda.

"Binti, nani alikufundisha kumenya ndizi namna hiyo? Nusu unaitupa na ganda."

Sekela alinyanyua uso. "Mama yangu."

"Mama yako alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mama alivuta kigoda cha pili kwa mguu, akaketi, akanyoosha mkono wake imara. "Lete kisu. Sogea huku uone."

Sekela akampa kisu. Akasogea.